Maji ya Ploti Namba Tisa

Mwanawema alihesabu mpaka kumi na saba, akasita, akaanza upya.

Alikuwa amepiga magoti juu ya mchanga, mbele ya fremu ya bomba la plastiki yenye mita moja kila upande, pindo la baibui amelikunja na kulichomeka kiunoni lisiburure. Safari hii alihesabu kwa kidole, shina moja baada ya jingine. Ukoka, mtule, ukoka tena, miche mitano ya mpera yenye majani mawili mawili kama masikio ya panya. Ishirini na tatu. Mwezi wa kumi na moja, pale pale, alihesabu minne tu, na miwili kati ya hiyo ilikuwa imeshanyauka.

"Mbona huniambii nambari?" Nyange aliuliza.

Alikuwa amesimama nyuma yake, mkono mmoja umeshika daftari na kalamu, mwingine umeshika mwavuli mweusi aliokuwa akimkinga nao jua. Mwavuli wenyewe ulikuwa mdogo, na kama kawaida yake aliupeleka wote upande wa Mwanawema, yeye mwenyewe akabaki nje, shingo na mabega yakichomwa na jua la saa nne.

"Ngoja. Nafikiri nimekosea."

"Wewe hukosei, Bi Mwanawema."

Alilisema lile "Bi" kama alivyolisema kwa miaka miwili na nusu, kwa adabu na kwa upole, na kama kawaida Mwanawema akahisi kitu kikimtekenya chini ya mbavu. Wanaume wengi walimwita Bi Mwanawema, tangu sheha mpaka wapakiaji wa mizigo pale Mtambile. Hakuna aliyelitamka kama huyu. Nyange alilitamka jina lile kama mtu anayevua viatu mlangoni kabla ya kuingia ndani.

"Ishirini na tatu," alisema hatimaye.

Kalamu haikuandika.

"Umesikia? Ishirini na tatu, Nyange! Kwenye ploti ya kuachwa!" Aligeuka kumtazama, uso umemchanua, jasho likimtiririka pembeni mwa mtandio. "Haijapata kutokea. Tangu tuanze kupima upande huu, mchanga mtupu. Unajua maana yake? Maana yake ardhi hii inaweza kurudi yenyewe, bila ya—"

Nyange hakuwa akimtazama. Macho aliyapeleka mbali, kwenye ukingo wa shimo, mahali mikarafuu ya baba yake Mwanawema ilipokatika ghafla na mizizi kuning'inia hewani.

Machimbo yale ya mchanga yalikuwa nyuma ya Mtambile, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka barabara kuu. Yalichimbwa miaka na miaka, magari yakipanda na kushuka mpaka kilima kikageuka bakuli, kisha yakafungwa, na baadaye ukaja mradi wa kuyafukia na kuyaotesha. Ploti ishirini na nne zilipimwa na kuwekewa vigingi. Nusu yake zililetewa udongo mweusi zikapandwa mivinje na majani. Nusu nyingine ziliachwa kama zilivyo, zisipandwe, zisimwagiwe, zisiguswe, ili ionekane ardhi ikiachiwa yenyewe itafanya nini. Kila miezi mitatu Mwanawema alikuja na fremu yake akahesabu kilichoota. Nyange ndiye aliyekuwa mlinzi wa eneo, msoma kipimo cha mvua na mshika daftari.

Mwanawema aliuchukua mchanga wa ploti namba tisa kiganjani, akaufumba. Alipofumbua, ulibaki donge.

"Mvua ya mwisho imenyesha lini?" aliuliza, taratibu.

"Leo siku ya kumi na tisa."

Kuhusu mvua hakusema uongo. Hilo alilikumbuka baadaye, kwamba hata pale, na jua lile, na macho yale yaliyokimbia, alipomuuliza alimjibu kweli.

"Siku kumi na tisa za kaskazi. Na huu mchanga mbona unashikana?"

"Labda umande."

"Umande umechagua ploti moja?"

Nyange alishusha mwavuli. Akaufunga, akauweka chini, akaweka daftari juu yake, vitu vyote viwili kwa uangalifu, kama mtu anayetua mzigo wa mayai. Kisha akachuchumaa upande wa pili wa fremu, wakawa uso kwa uso, na katikati yao ile miche ishirini na mitatu.

"Ni mimi," alisema.

"Ni wewe nini?"

"Nimeimwagia maji. Kila siku baada ya sala ya alfajiri. Mzega mmoja, ndoo mbili, kutoka kile kisima cha bondeni."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa kumi na mbili. Ulivyoanza ukame."

Mwanawema alijaribu kuiona picha ile. Kutoka bondeni kwenye mpunga mpaka pale ni kilima kizima, njia ya kupinda, mchanga unaokwenda na mguu. Mtu na mti begani, ndoo huku na ndoo huku, kila asubuhi, zaidi ya miezi miwili. Moyo wake ulifanya jambo la ajabu: ulimwelekea na kumkasirikia kwa wakati mmoja.

"Kwa nini?" Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. "Nyange, weye si mgeni hapa. Nimekueleza mara ngapi? Ploti za kuachwa haziguswi! Hizi ndizo zinazotuambia kweli. Alkhamisi Dokta Asma anakuja kutoka Chake na wenzake, wanataka kuamua. Ningempa hii ishirini na tatu, wangesema nini? Wangesema, ah, kumbe mchanga huu unaota wenyewe, hauna haja ya udongo, tusipeleke tena magari, tufunge mradi. Na wenye mashamba ya pembeni, kina baba yangu, wangebaki na jangwa lao mpaka siku ya kiyama. Kwa ajili ya ndoo zako mbili!"

Nyange alikuwa ameinamisha kichwa. Aliposikia "baba yangu" alikiinua.

"Hilo la udongo sikulifikiri," alisema. "Wallahi sikulifikiri. Mie nilikuwa nafikiri jambo moja tu."

"Jambo gani?"

Ndege mmoja alilia juu ya ukingo.

"Nyange, jambo gani?"

"Nilipeleka posa kwenu."

Mwanawema aliganda. Kidole chake kilikuwa bado kimegusa jani la mpera.

"Ulipeleka nini?"

"Posa. Mwezi wa kumi na moja, baada ya kile kipimo cha mwisho. Nilimtuma ami yangu kwa Mzee Kificho. Kumbe hukuambiwa?"

Hakuambiwa. Miezi mitatu mizima alikula na baba yake, akampelekea chai barazani, akamsomea dawa zake za presha, na mzee hakufungua mdomo. Alihisi damu ikimpanda masikioni, na hakujua ni hasira au ni haya.

"Baba kajibu nini?"

"Kamjibu ami kwa ustaarabu, kampa na kahawa. Kamwambia, 'Mwambie mwanao, siku shimo la baba yake litakapoota lenyewe, bila ya kupandwa na mtu, na yeye ndo aje achukue mtoto wangu.'" Nyange aligusa mchanga kwa kidole. "Na ploti namba tisa ndipo ilipokuwa mikarafuu yenu. Basi nikasema, ikiota hapa, na yeye akaja akaona..."

Hakumaliza, na hakukuwa na haja. Hadithi ile Mwanawema aliijua kama alivyolijua jina lake. Baba yake Nyange, marehemu Mzee Jaribu, ndiye aliyekuwa na lori na watu wa kuchimba. Aliahidi kwamba atakomea kwenye kigingi cha mpaka. Hakukoma. Masika ya mwaka ule ukuta wa shimo uliporomoka, ukashuka na mikarafuu kumi na minne ya Mzee Kificho, mikubwa, iliyokuwa ikizaa. Jaribu hakwenda kusema neno. Wala msibani kwake, miaka mitatu baadaye, Mzee Kificho hakwenda. Nyange mwenyewe alikuwa na miaka kumi na tisa wakati ule wa kuchimba, na ndiye aliyekuwa akiliendesha lile lori.

"Na mimi je?" Mwanawema aliuliza.

"Wewe?"

"Mimi. Ami yako kaulizwa, baba kaulizwa, kahawa imenywewa. Ploti namba tisa nayo imepata ndoo zake kila asubuhi. Mimi ndiye sikuulizwa kitu. Miaka miwili na nusu nakuja hapa na wewe. Ulishindwa kuniuliza?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Niliogopa utasema sitaki, halafu kipimo kingine kije na mshika daftari mwingine." Aliinua macho, na safari hii hayakukimbia. "Miezi mitatu ni mirefu, Wema. Wewe huujui urefu wake. Mie nalala hapa kwenye kibanda, nasoma kipimo cha mvua, naandika sufuri, sufuri, sufuri, na nahesabu siku za wewe kuja na fremu yako. Nikikuona unashuka pale kwenye njia, hata haya majani makavu nayaona mazuri."

Alimwita Wema. Lile "Bi" lilikuwa limeanguka mahali fulani kati yao na hakuna aliyeinama kuliokota.

Mwanawema alitazama pembeni, kwa sababu angeendelea kumtazama angeshindwa kusema lililompasa kusema. Aliona mikono yake juu ya magoti. Begani, pale shati lilipolegea, aliona alama nyekundu ya mti wa mzega. Alitamani kuigusa. Aliikunja mikono yake kifuani.

"Nitaandika ilivyo," alisema. "Kwamba ploti namba tisa imemwagiwa. Na kwamba aliyemwagia ni wewe."

"Andika."

"Watakuondoa."

"Najua. Andika, na mie niweke saini chini."

"Nyange, unaelewa? Nikiandika hivi, lile sharti la baba nalo limekufa. Hapakuota penyewe."

"Hapakuota penyewe," alikubali. Akaokota kalamu, akampa, na vidole vyao havikugusana ijapokuwa vilikaribiana sana. "Baba yangu alivuka kigingi akanyamaza. Mie sitaki kunyamaza. Nimeshafanya la kijinga, niwie radhi, nisiongeze la pili."

Mwanawema aliandika mistari minne. Aliisoma kwa sauti, kila neno. Nyange alitia saini yake kubwa ya mtoto wa skuli, herufi zote zinasomeka, kisha akafungua tena mwavuli na kumkinga, kwa sababu zilikuwa bado zimebaki ploti kumi na tano.

*

Dokta Asma alipokea simu adhuhuri. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatisha, na hilo Mwanawema alilihofia zaidi kuliko angefokewa.

"Namba tisa tunaifuta," alisema. "Zilizobaki umezikagua udongo?"

"Zote, Dokta. Kavu. Ploti za kuachwa hazina kitu, za udongo mivinje imefika kiunoni."

"Basi tunacho cha kuwaonyesha wakubwa Alkhamisi. Tutafungua ploti nyengine ya kuachwa na kuipima mwaka mmoja zaidi. Na wewe utaniandikia maelezo kwa nini ulichelewa kugundua. Yule kijana asije tena hapo. Mwambie mwenyewe, nisimtumie mtu. Na Mwanawema..."

"Naam, Dokta."

"Umefanya vyema kupiga simu leo na si Ijumaa."

Alimwambia Nyange pale pale, mbele ya kibanda. Nyange aliitikia kwa kichwa, akaingia ndani, akatoka na mkoba wake wa nguo, mswaki ukichungulia mfukoni. Kulikuwa na fundi wa magari Mtambile aliyekuwa akimtaka siku nyingi, alisema. Injini anazijua tangu utotoni. Alisema kwa wepesi, kama anayezungumza habari za mtu mwengine. Kisha akaufunga ufunguo wa kibanda kwenye kipande cha kamba na kumkabidhi.

"Kipimo cha mvua ukisome saa tatu kamili," alisema. "Si saa tatu na nusu."

"Najua kusoma kipimo cha mvua."

"Najua kwamba unajua."

Waliagana hivyo, na Mwanawema alipanda ile njia bila kugeuka nyuma, kwani angegeuka Nyange angeyaona machozi.

*

Nyumbani alimkuta mama yake, Bi Mwatima, ukumbini, anasuka ukili, na baba yake barazani na redio yake. Hakumsalimia mtu kwa urefu. Aliingia chumbani, akavua baibui lenye mchanga, akaketi kitandani.

Bi Mwatima alimfuata na ukili wake mkononi.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Mama, mlijua habari ya posa?"

Vidole vya Bi Mwatima vilisimama. "Baba yako kasema tusikutie maneno kichwani. Kasema haliwi, sasa la kukwambia lipi?"

"Na wewe mama ulionaje?"

Bi Mwatima alikaa kando yake. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini. "Mie nilimwona yule kijana siku ya maziko ya baba yake. Watu wachache, maana Jaribu aliwaudhi wengi. Alisimama mlangoni, akawa anampa mkono kila mtu na kumwambia, 'Kama baba yangu alikukosea, nisamehe mie.' Kila mtu. Hata mie alinipitishia salamu kwa upande wa wanawake. Nikasema, huyu si Jaribu." Akaushika mkono wa binti yake. "Lakini baba yako unamjua. Mikarafuu ile ilikuwa—"

"Hodi! Asalaam alaykum!"

Sauti ilitoka nje, na wote wawili waliitambua. Bi Mwatima alitoa macho. Mwanawema alisimama, akaketi, akasimama tena.

"Waalaykum salaam," Mzee Kificho alijibu barazani. Redio ilizimwa. Kisha akauliza: "Ami yako yu wapi?"

"Nimekuja peke yangu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mambo ya posa haji mtu peke yake."

"Sikuja kwa posa. Nimekuja kwa jambo jengine, na nikishasema nitaondoka."

Mama na binti walikuwa wameshafika nyuma ya pazia la mlango, bega kwa bega, kama wasichana wawili wanaochungulia harusi. Mwanawema aliweza kumwona Nyange kwa upenyo. Alikuwa ameoga, amevaa kanzu nyeupe iliyokwisha rangi kidogo shingoni. Hakukaa. Alisimama chini ya ngazi ya baraza, kofia mkononi.

Alisema yote. Ndoo, kisima, miezi miwili na ushei, mche kwa mche. Alisema kwamba alitaka kumwonyesha mzee ploti ile imeota yenyewe, na kwamba huo ungekuwa uongo, na kwamba alikuwa tayari kuusema uongo ule usoni kwake na kumchukulia mtoto kwa uongo ule. Alisema kwamba binti ndiye aliyeugundua, naye ameuandika, na yeye ameweka saini, na kazi imekwisha leo. Halafu akasema lile ambalo hata Mwanawema hakulitarajia.

"Na siku kile kigingi kilipong'olewa, mzee, mie ndiye niliyekuwa kwenye lori. Baba aliniambia ning'oe, nikang'oa. Nilikitupa nyuma, kikaenda na mchanga. Nilitaka kuja kukwambia kesho yake. Sikuja. Miaka kumi na moja sijaja. Nimekuja leo."

Bi Mwatima alimshika binti yake mkono, akamfinya.

Mzee Kificho alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shuka, akaivaa, akaivua tena. Alikuwa mtu mkavu, mrefu, ambaye hasira zake zilikuwa za kimya, na kimya hiki Mwanawema hakuweza kukipima. Alianza kuhesabu pumzi zake mwenyewe.

"Kisima gani?" mzee aliuliza.

"Naam?"

"Maji umeyachota kisima gani?"

"Kile cha bondeni, mzee. Penye mpunga wa kina Bi Tatu."

"Umekipanda kile kilima na mzega."

"Ndiyo, mzee."

"Kila siku."

"Isipokuwa Ijumaa moja nilikuwa na homa."

Mzee Kificho aligeuza uso, akatazama upande wa shamba. "Baba yangu naye alichota pale pale," alisema. "Mie nilikuwa mdogo, namfuata nyuma na kata ya kuchotea. Ile mikarafuu kumi na minne unadhani iliota yenyewe? Mkarafuu hauoti wenyewe, bwana. Ukiwa mchanga ni kama mtoto mchanga, jua linauua, kiu inauua. Alibeba maji kaskazi tatu. Bega lake la kulia lilikuwa na sugu kama nyayo. Mie nilimwambia ami yako likiota lenyewe kwa sababu nilijua haliwezi. Nilitaka akuondokeshe, basi. Sikujua kuna mtu ataniamini mpaka abebe maji."

"Nisamehe, mzee."

"Kuhusu kigingi?"

"Kuhusu kigingi. Na kuhusu maji."

"Maji hayajanikera mie. Maji yamewakera wasomi. Kigingi ndicho kilichonikera. Miaka kumi na moja nangoja mtu mmoja aje aseme, 'Kificho, ni sisi.' Sikutaka zaidi ya hapo. Jaribu alikuwa akinipita njiani anatazama mbinguni. Panda juu, kaa kwenye mkeka. Unasimama kama mdai. Bi Mwatima! Najua mko nyuma ya pazia. Hamna kahawa nyumba hii?"

Bi Mwatima aliruka kuelekea jikoni, huku amejiziba mdomo kwa kanga.

"Na Mwanawema aje," mzee aliongeza.

Mwanawema alijitanda mtandio, akatoka, akakaa pembeni mwa mkeka karibu na mlango. Hakumtazama Nyange. Aliona tu miguu yake, mchanga bado umemganda kwenye kisigino ijapokuwa alikuwa ameoga.

"Huyu," baba yake alisema, "keshaniomba radhi mie, na nimempa. Weye kakuomba?"

"Kaniomba asubuhi, baba."

"Umempa?"

"Bado."

Mzee Kificho alitikisa kichwa kama mtu aliyetarajia jibu lile. "Hayo yenu. Sasa sikiliza. Ile posa niliirudisha bila ya kukuuliza, nalo hilo ni kosa langu, na nakwambia mbele yake ajue kwamba mimi nami naweza kukosa. Leo nakuuliza. Akimleta ami yake tena Ijumaa, nimwambie nini?"

Mama yake alikuwa amerudi na sinia. Kwa nyuma ya mgongo wa mumewe alimfanyia binti ishara ya macho: inama, nyamaza, watafahamu. Ndivyo alivyofanya yeye, ndivyo alivyofanya mama yake. Msichana akinyamaza, watu huinuka na kusoma fatha.

Mwanawema hakuinama. Alikuwa mtu wa kuandika nambari ilivyo, na kwa hili pia hakutaka pabaki mahali pa mtu mwengine kujaza.

"Mwambie namtaka, baba," alisema. Mashavu yalimuwaka moto, lakini sauti haikutetemeka. "Nimemtaka tangu masika ya mwaka juzi. Nisinyamaze mkasema nimeona haya. Namtaka."

Kikombe kiligonga sinia. Bi Mwatima alisema "Yarabi!" na kuketi pale pale chini, kahawa na yote. Nyange aliinua uso, na kwa mara ya kwanza siku ile walitazamana bila ya kitu katikati, wala fremu wala daftari. Yule kijana aliyepanda kilima na mizega alionekana hana nguvu hata ya kushika kikombe. Alikipokea kwa mikono miwili.

Mzee Kificho alijifanya anatafuta viatu vyake. Alivitafuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Baada ya Idi, basi," alisema, ameinama. "Kabla ya Ramadhani hatuwahi kitu. Na weye uje hapa Jumamosi na jembe. Shamba langu ukingoni linahitaji kuzuiwa lisiendelee kuporomoka. Nina miche ya mikarafuu arubaini na sina mgongo. Hiyo unaruhusiwa kuimwagia."

"Inshaallah, mzee. Nitakuja na alfajiri."

"Baba," mzee alimsahihisha, kwa sauti ya kuchukiachukia. Kisha akasimama, akaichukua bakora yake. "Magharibi inaingia. Twende msikitini."

Waliteremka ngazi pamoja. Njiani Nyange alibaki nyuma hatua moja, kwa heshima, mpaka mzee akasimama na kumngoja. Kisha wakaenda sambamba, kanzu mbili nyeupe kwenye njia nyembamba ya kati ya mihogo. Walipofika kwenye kona mzee alimnyooshea kitu kwa bakora, labda mti, labda mpaka, na Nyange aliinamisha kichwa kumsikiliza.

Mwanawema aliegemea nguzo ya baraza mpaka walipopotea. Bi Mwatima alikuja akasimama kando yake, kitambaa cha kupangusia kahawa bado mkononi.

"Mtoto weye huna haya," alisema, na alikuwa akicheka huku anafuta macho. "Namtaka, namtaka! Mbele ya baba yako! Na hiyo radhi yake, maskini wa Mungu, utampa lini?"

Mwanawema alifikiri kidogo. Adhana ilianza kusikika kutoka upande wa barabara, na upepo ulileta harufu ya moshi wa majiko ya jirani.

"Ntampa," alisema. "Wacha aingoje ngoje kwanza."